Jani Lililotangulia Jembe

Kwenye jangwa la chumvi la Utah, magharibi mwa Marekani, kuna eneo ambalo jeshi la anga hulitumia kwa mazoezi ya silaha. Leo ni ardhi tupu, kavu, isiyo na mti. Lakini miaka 12,300 hivi iliyopita palikuwa na vinamasi, matete na bata mwitu tele, na watu walipiga kambi hapo, wakawasha moto, wakachoma bata wakala. Upepo ulipopeperusha mchanga uliofunika kambi hiyo, wanaakiolojia wakiongozwa na Daron Duke waliona doa jeusi ardhini. Yalikuwa mabaki ya meko. Humo na kandokando yake walikuta mifupa ya ndege zaidi ya 2,000, ncha za mawe za mikuki, na mbegu 4 za tumbaku zilizoungua zikawa makaa.

Mbegu ya tumbaku haifiki hata milimita moja, na yenyewe haileweshi. Kilichowashughulisha watafiti ni namna ilivyofika pale. Tumbaku haioti kinamasini. Ile mimea ilibidi itoke kwenye miinuko iliyo mbali na kambi. Bata hawaili. Wala si kuni, maana kilichochomwa pale ni miti iotayo kando ya maji. Ila majani na mabua ya tumbaku yana utomvu unaonata, na mbegu hung'ang'ania humo. Aliyebeba jani alibeba na mbegu bila kujua. Utafiti huo ulipochapishwa mwaka 2021, historia ya tumbaku ilirudi nyuma miaka 9,000 kwa mkupuo, kwani ushahidi wa zamani kuliko wote kabla ya hapo ulikuwa masalia ya nikotini ndani ya kiko cha Alabama chenye umri wa miaka 3,300 hivi.

Pale kambini hakikuonekana kiko. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba watu hao walisokota majani wakayatafuna, kisha makapi wakayatupa motoni. Walikuwa wawindaji. Hawakuwa na shamba, hawakufinyanga chungu, na Amerika nzima ilikuwa bado haijui kilimo. Kabla ya hindi, kabla ya boga na maharage, tayari walikuwa na tumbaku mdomoni. Jani hili lilitangulia jembe.

Watu hao waliligunduaje? Jibu moja liko katika tabia ya mmea wenyewe. Tumbaku mwitu ya nyanda kavu za Amerika hutoa mbegu ambazo huweza kulala ardhini miaka mingi zikisubiri moto. Moshi wa nyasi na vichaka vilivyoungua ndio unaoziamsha. Pori likiungua leo, mvua ikinyesha, tumbaku huwa miongoni mwa mimea ya mwanzo kuchipua katikati ya majivu. Sasa fikiria wawindaji wanaofuata wanyama kutoka bonde hadi bonde, wanaojua kwamba penye moto wa jana ndipo penye majani mabichi ya kesho. Mmea huu ulikuwa ukiwapokea kila walikopita: mpana wa majani, unanata, unanuka kwa ukali.

Ukali huo ni nikotini, sumu inayotengenezwa mizizini na kupandishwa majanini ili wadudu wasile. Kwa binadamu, kiasi kidogo huwasha mdomo, hupunguza njaa na kuamsha akili; kikizidi huleta kichefuchefu, kutetemeka, hata kuzimia. Mtu anayetembea kutwa bila chakula hakuhitaji kufundishwa faida ya jani la namna hiyo. Na aliyelizidisha akaanguka, akaona mambo, akazinduka, naye alikuwa na habari ya kuwasimulia wenzake. Matumizi mawili yaliyofuata tumbaku karne zote, yaani kuondoa uchovu na kuzungumza na mizimu, huenda yalianza na tofauti hiyo ya kipimo.

Lakini kutafuna jani peke yake hakumfikishi mtu mbali. Nikotini hupenya ufizi vizuri ikikutana na kitu chenye asili ya magadi au chokaa, na jambo hili liligunduliwa na watu ambao hawakuwahi kuonana. Wahaida na Watlingit wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika walichoma makombe ya bahari, wakayasaga kuwa chokaa, wakachanganya na tumbaku. Katika milima ya Andes nchini Venezuela watu hutengeneza chimó, urojo mzito mweusi wa tumbaku iliyochemshwa, wakitia urao, magadi yaliyokuwa yakitolewa chini ya ziwa la Lagunillas huko Mérida. Australia nayo ina jamii zake za tumbaku mwitu, na wenyeji wa asili wa jangwa la kati huzitafuna zikiwa zimechanganywa na majivu ya miti ya jamii ya migunga. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuelewa: mzee anayetia magadi kwenye ugoro anatumia kemia hiyohiyo, na urao wa Mérida ni madini yaleyale yanayochotwa Ziwa Magadi. Kina mama wa pwani wanaopaka chokaa kwenye jani la tambuu kabla ya kutia tumbaku nao wako katika mkondo huo.

Jani likishajulikana, na namna ya kulitumia ikishapatikana, jamii ililazimika kuamua litumike vipi. Hapo ndipo mila zilipozaliwa, na mfano mzuri kuliko yote ni wa Wakaruk, wanaoishi kando ya mto Klamath, kaskazini mwa California.

Wakaruk wa zamani hawakulima chakula. Walivua samoni, waliokota matunda ya miti ya jamii ya mialoni wakayasaga unga, waliwinda paa. Hata hivyo walipanda tumbaku. Mtafiti John P. Harrington aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1932, kwa maelezo aliyopewa na mama wa Kikaruk aitwaye Phoebe Maddux. Mkaruk alipanda mlimani, akachoma magogo na vichaka, kisha akamwaga mbegu juu ya majivu. Hakulima kwa jembe. Alijua majivu yanatosha. Alipalilia, akarudi kuchuma majani yalipokomaa, akayakausha na kuyafikicha yawe unga, akayahifadhi katika kikapu maalumu chenye mfuniko. Kiko chake kilikuwa kipande cha mti kilichonyooka, kimepachikwa kinywa cha jiwe laini cha kutilia tumbaku ili mti usiungue. Kikivutwa, mvutaji ilimbidi ainue uso juu kidogo, la sivyo tumbaku ingemwagika.

Hakuvuta kila saa. Wakati wake ulikuwa jioni, wanaume walipokusanyika katika nyumba yao ya kujitoa jasho kabla ya kulala. Kiko kilipita mkono kwa mkono, kila mtu akavuta kidogo, mazungumzo yakaendelea, kikazimwa. Waliovuta ni wanaume watu wazima na wanawake waliokuwa waganga. Kabla ya kuvuta, unga kidogo ulipulizwa hewani kwa ajili ya wenye milima, pamoja na maneno ya kuomba baraka.

Majirani zao Wayurok waliongeza sharti jingine. Tumbaku iliyojiotea porini hawakuigusa ng'o, hata kama ilikuwa imestawi mbele ya macho yao. Waliogopa kwamba huenda imeota juu ya kaburi, au mbegu yake imetoka makaburini. Walivuta ile tu waliyoipanda kwa mikono yao wenyewe. Watu wasiopanda punje ya chakula walikuwa wakulima wa zao moja, na zao lenyewe haliliwi.

Mashariki zaidi, katika nyanda za Montana, Wakrou walikwenda mbali kuliko hapo. Walikuwa na chama cha tumbaku ambamo mtu hakuingia kwa kujiamulia. Aliasiliwa na wanachama, akafundishwa nyimbo, akalipia. Wanaume kwa wanawake waliruhusiwa. Kila majira ya kuchipua walitembea kwa maandamano hadi kwenye bustani, wakapanda mbegu takatifu ambazo katika simulizi zao ni nyota zilizoshuka duniani. Tumbaku hiyo ikistawi, kabila nalo litastawi. Na baada ya kazi yote hiyo, hawakuivuta. Ya kuvuta ilikuwa nyingine.

Kwa nini mmea mmoja upewe heshima kubwa hivi? Simulizi za jamii zilizo mbalimbali sana zinajibu kwa namna inayofanana. Wameskwaki, wenye asili ya eneo la Maziwa Makuu ya Amerika, husimulia kwamba mizimu inaipenda tumbaku kuliko kitu chochote, lakini haina hata jani. Muumba alimpa binadamu peke yake. Warao wa delta ya mto Orinoco, maelfu ya kilomita kusini, nao huamini kwamba roho kuu zina njaa ya moshi, na anayeweza kuzilisha ni mganga. Mganga wa Kiwarao huvuta sigara iliyofungwa kwa ganda jembamba la mti wa jamii ya minazi, urefu wake nusu mita na zaidi, akivuta moja baada ya nyingine mpaka anatoka katika hali ya kawaida. Mtu wa kawaida hakutakiwa kufanya hivyo.

Ukiielewa imani hiyo, mengine yote yanajieleza. Binadamu ni mnyonge mbele ya mvua, maradhi na mawindo, lakini ana kitu kimoja ambacho wenye nguvu wanakihitaji. Tumbaku ni fungu lake katika mapatano. Ndiyo maana Waanishinaabe huweka tumbaku kidogo chini kabla ya kuchuma dawa au kuvuna mpunga mwitu, na anayekwenda kwa mzee kuomba ushauri humkabidhi tumbaku kwanza. Katika desturi nyingi za kwetu pia, anayekwenda kuomba neno haendi mikono mitupu. Ndiyo maana Walakota huanza jambo zito kwa kiko chenye kinywa cha jiwe jekundu, na aliyevuta kiko hicho pamoja nawe amefungwa na alichosema. Jiwe hilo huchimbwa Pipestone, Minnesota, na mpaka leo sheria inaruhusu wenyeji wa asili peke yao kulichimba. Hata ndani ya kiko, mara nyingi tumbaku ilikuwa kidogo. Sehemu kubwa ilikuwa magome na majani ya mimea mingine isiyo na nikotini.

Oktoba 1492 watu wa visiwa vya Karibi walimpa Christopher Columbus majani makavu, naye hakujua ya nini. Mwezi uliofuata wajumbe wake wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, walirudi kutoka ndani ya kisiwa cha Cuba wakisimulia watu wanaotembea na kijinga cha moto na majani wanayovuta moshi wake. Ndani ya karne moja na kidogo jani lilishafika Ulaya, Uturuki, India, Japani na pwani za Afrika. Mabaharia na wafanyabiashara walibeba mbegu. Nyimbo, masharti na bustani takatifu vilibaki vilikotoka.

Watu wa huku walipolipokea walilitungia adabu zao. Ugoro ukawa wa wazee, ukaombwa na kupokewa kwa heshima, na kijana aliona haya kuvuta mbele ya baba yake. Adabu hizo nazo zilikuwa uzio. Kilichouvunja uzio kila mahali ni mambo mawili ya kiwandani. La kwanza ni ukaushaji wa majani kwa joto la mabomba, unaotoa moshi mwepesi usiokaba koo. Moshi wa kiko mara nyingi hukaa mdomoni. Huu huteremka hadi mapafuni, na nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache. La pili ni mashine aliyoisajili James Bonsack mwaka 1881, ambayo kwa siku moja iliweza kutengeneza sigara zaidi ya 100,000. Kitu kilichokuwa cha jioni, cha wachache na cha maombi kikawa cha kila saa, cha kila mtu, na hakina sababu. Shirika la Afya Duniani linasema sasa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Wenyeji wa asili wa Marekani hawakusalimika: wao ni miongoni mwa makundi yenye wavutaji wengi zaidi wa sigara nchini humo. Kwa hiyo mashirika yao ya afya leo yanafundisha vijana kutenganisha tumbaku mbili. Ile ya mila inapandwa, inaombewa, inatolewa sadaka na mara nyingi haiwashwi kabisa. Ile ya dukani si mila ya mtu yeyote.

Somo hilo linatuhusu. Wazee husema mwacha mila ni mtumwa, na katika habari ya tumbaku methali hiyo imetimia, maana dunia iliacha mila ikachukua jani peke yake. Mzazi, kijana wako akijitetea kwamba hata wazee wa kale walivuta, mkubalie. Kisha mwambie amalize habari yenyewe: walivuta akina nani, mara ngapi, na kwa idhini ya nani.