Vita Visivyoua

Nimetenga pembe ya sebule yangu hapa Buruburu iwe uga wa vita. Nimetandika mkeka, nikatundika taa juu yake, na katikati nikaweka bao la mti lenye mashimo 32 na kete 64 za komwe. Jirani yangu, naye ni mwalimu, alishtuka: je, vijana wa Eastlands hawajaona vita vya kutosha?

Nilimjibu kwa lugha ya mchezo wenyewe. Katika dama na sataranji, kinacholiwa hutolewa nje ya uwanja. Katika bao, kete zilizoliwa huingizwa upande wa mlaji zikaendelea kucheza. Zote 64 humaliza mchezo zikiwamo. Tena shimo ambalo mchezaji hulilinda kuliko yote huitwa "nyumba". Wahenga walioteua neno hilo walijua kinachopiganiwa.

Ndugu walimu na wazazi, kijana ana hamu ya kushindana, wala hamu hiyo haifi kwa kukemewa. Tusipompa uga nyumbani, atautafuta vichochoroni, na huko kinacholiwa hakirudi mchezoni.