Fimbo Mbili Chini ya Mlima Kenya

Mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, atokapo kwake kwenda barazani Nchiru na bakora mkononi, hakuna mpita njia amdhaniaye kuwa mgonjwa, kwani fimbo moja katika nchi ya Wameru ni alama ya cheo na taadhima. Lakini mtu akishika fimbo mbili, moja kila mkono, akaenda kwa hatua ndefu huku akijisukuma nazo, watoto humfuata wakicheka, na watu wazima huulizana ni ajali gani iliyompata. Hata hivyo riadha hii imekwisha enea Ulaya, nami naona kwamba wenyeji wa Meru na Embu wana haja nayo zaidi ya watu wa nchi tambarare.

Asili yake ni Ufini, ambako wanamichezo wa kuteleza juu ya theluji, walipokosa theluji wakati wa kiangazi, walifanya mazoezi kwa miguu pamoja na fimbo zao. Na mwaka 1997 zikauzwa fimbo makhsusi kwa raia wa kawaida. 

Kwetu fimbo hizo zaonekana zaidi kwa wapandao Mlima Kenya. Njia ya Chogoria, mji uliokuwa zamani katika wilaya kubwa ya Meru na sasa umo kaunti ya Tharaka-Nithi, hupenya msitu wa mianzi hadi lango la hifadhi, kadiri ya mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, kisha hupita juu ya Ziwa Michaelson hadi kufikia kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Katika njia kama hiyo faida haihitaji kuhubiriwa: mtu apandapo, mikono huyasaidia mapaja, na ateremkapo, sehemu ya uzito ambao ungeangukia magoti hupokewa na mabega.

Lakini si lazima mtu aende mlimani. Mito ya Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita imeichonga nchi hii ikawa matuta na mabonde, hata ni shida kwenda mwendo wa saa moja usipande wala usiteremke. Mchuma chai, na kapu lake mgongoni, huipanda miteremko hiyo kutwa nzima. Ilhali karani wa mjini Embu, ambaye babake alikwenda sokoni kwa miguu, leo huita bodaboda kwa safari ya dakika kumi, kisha hulalamikia kiuno. Wapimaji wa mambo ya siha wameona kwamba atumiaye fimbo mbili hutumia nguvu zaidi kuliko atembeaye mikono mitupu kwa mwendo uleule, takriban asilimia 20 katika baadhi ya vipimo, na wala hahisi kuchoka kwa kadiri hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo lawataka watu wazima wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma.

Fimbo za dukani ni ghali, walakini fito mbili kavu, nyepesi na zilizonyooka zatosha kuanzia. Kimo chake kiwe cha kukiacha kiwiko kimekunjika pembe mraba fimbo igusapo chini. Mkono wa kulia uende na mguu wa kushoto. Ncha ichomwe nyuma ya mwili, isitangulie mbele kama ya kipofu atafutaye njia. Funga kitanzi cha ngozi au kitambaa penye mshiko, ili kiganja kipate kufunguka mkono ufikapo nyuma ya nyonga, maana akazaye ngumi safari nzima huumwa na shingo kabla ya miguu. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na amwone daktari kwanza.

Nanyi mtakaoanza, zishikeni njia za mashamba ya chai na kahawa asubuhi na mapema, mkaiepuke barabara kuu ya Embu hadi Meru, kwani matatu na malori yaipitayo hayana simile.