Gari likisumbua baada ya sevisi, anza na kilichoguswa mwisho

WAFANYABIASHARA wanaotegemea gari moja au mawili wanaijua gharama ya sevisi: oili, filta, plagi na ufundi. Gharama ambayo wengi hawaiweki kwenye hesabu ni ile inayokuja siku moja au mbili baadaye, pale gari lililoingia gereji likiwa zima linapoanza kutetemeka, kuzimika kwenye foleni au kukosa nguvu mlimani.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Leo mwenye gari anaambiwa pampu ya mafuta imekufa, kesho sensa, keshokutwa nozeli. Kila kifaa kinanunuliwa kwa kubahatisha, na maduka mengi ya spea hayapokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa.

Tuchukue mfano wa daladala inayoleta hesabu ya Sh 80,000 kwa siku. Ikilala gereji siku 3, tajiri amekosa Sh 240,000 kabla ya kununua spea hata moja, na marejesho ya mkopo yako palepale. Ikija kuonekana kwamba tatizo lilikuwa mpira wa hewa ambao haukukazwa, fedha hizo zimekwenda bure.

Mtuhumiwa wa kwanza

Kanuni ya kufuata ni rahisi. Injini iliyokuwa nzima asubuhi ikawa mbovu jioni baada ya sevisi, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kilichofunguliwa, kilichobadilishwa au kilichosogezwa siku hiyo. Pampu inaweza kufa siku ileile ya sevisi, lakini uwezekano wake ni mdogo kuliko soketi iliyosahaulika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe "gari lina ugonjwa gani?" bali "uligusa nini?" Majibu yake ndiyo orodha ya kukagua.

Injini za petroli

Filta ya hewa ikibadilishwa, boksi lake hufunguliwa na mipira ya hewa husogezwa. Magari mengi yenye kompyuta yana sensa inayopima hewa inayoingia, nayo imekaa jirani na boksi hilo. Soketi ya sensa isiporudishwa vizuri, au mpira ukiachwa na uwazi baada ya sensa, hewa inaingia bila kupimwa. Mafuta yanakuwa machache kulinganisha na hewa, sailensa inapanda na kushuka, na gari linazimika likisimama. Pengine utasikia sauti ya kufyonza. Dawa yake ni bisibisi na dakika chache za kukagua.

Plagi nazo zina makosa yake. Kwenye gari la distribyuta, waya zikipishana injini inamisi na kulipua kwenye ekzosi. Injini nyingi za Toyota zenye silinda 4 huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya lazima zifuate mpangilio huo. Plagi iliyoanguka inaweza kupasuka kauri bila ufa kuonekana kwa haraka. Uwazi wa plagi, ambao kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.8 na 1.1, usipolingana na maelekezo ya gari, cheche inakuwa dhaifu.

Kwenye magari yenye koili juu ya kila plagi, upo mtihani usio na gharama. Hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke silinda nyingine. Kumisi kukihamia huko, koili ndiyo mbovu. Kukibaki palepale, angalia plagi, waya na nozeli ya silinda hiyo kabla ya kwenda dukani.

Si kila badiliko ni ubovu. Betri ikichomolewa, au mlango wa hewa unaoendeshwa kwa umeme ukisafishwa, kompyuta ya baadhi ya magari hupoteza kumbukumbu zake na sailensa hukosa utulivu mpaka ijifunze upya. Fundi anayejua atafuata utaratibu wa gari husika. Asiyejua ataagiza kifaa kipya.

Injini za dizeli

Wenye Hiace na pikapu za dizeli hukutana zaidi na hewa kwenye mafuta. Filta ya dizeli ikifungwa bila kutolewa hewa, au mpira wake wa kuzuia kuvuja ukikaa vibaya, gari huwaka kwa shida, hutembea kidogo na kuzimika. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta kwenye injini nyingi za aina hiyo imewekwa kwa kazi ya kutoa hewa hiyo. Pampu kubwa na nozeli zisifunguliwe kabla ya jambo hili kuhakikishwa, kwa kuwa kuzifungua ni kazi ya gharama.

Hatari zaidi ni mkanda wa taimingi. Kwenye dizeli nyingi za Toyota, kama 2L na 3L, taa ya mkanda kwenye dashibodi huwaka kila kilometa 100,000 kukumbusha ubadilishwe. Mkanda mpya ukifungwa kwa kuruka jino moja tu, gari linakosa nguvu na kutoa moshi. Ukiruka meno zaidi, pistoni zinaweza kugonga valvu. Kwa hiyo, gari likitoka kufungwa mkanda na kuwaka kwa shida, usiendelee kupiga stata. Alama za taimingi zikaguliwe kwanza.

Oili na maji

Oili ikizidi alama ya juu ya stiki, mashine ndani huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vizuri. Tofauti ya alama ya chini na ya juu kwa magari mengi ni kama lita 1 tu, hivyo "kuongeza kidogo" kunaweza kuzidisha. Kosa jingine ni mpira wa filta ya zamani kubaki umeng'ang'ania kwenye injini, kisha filta mpya kufungwa juu yake. Mipira miwili haishiki, na oili inaweza kumwagika yote barabarani. Taa ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo. Kufika gereji kwa kujikongoja kunaweza kugharimu injini nzima.

Rejeta ikimwagwa maji na kujazwa upya, hewa inaweza kubaki ndani na gari likachemsha. Itolewe hewa injini ikiwa imepoa, kabla ya kushuku gasketi ya silinda hedi.

Mashine ya kupimia

Mashine za kusoma kompyuta ya gari sasa ziko gereji nyingi. Marekani ilitaka magari madogo mapya ya kuanzia toleo la 1996 yawe na mfumo mmoja wa OBD-II, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Namba inayotolewa na mashine hutaja dalili, na si lazima itaje kifaa kibovu. P0171 maana yake mafuta ni machache kulinganisha na hewa, na baada ya sevisi mpira wa hewa uliolegea unatosha kuileta. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi, lakini haisemi kama ni plagi, koili au nozeli.

Kabla ya kulipa

Yapo mambo manne yasiyohitaji mtaji. Kwanza, andika kilometa, kazi iliyofanywa na aina ya oili iliyowekwa. Pili, chukua spea za zamani. Plagi iliyokuwa ikifanya kazi jana ikirudishwa na injini ikatulia, ubishi umekwisha: plagi mpya ndiyo yenye kasoro. Tatu, dai risiti ya EFD dukani. Kwenye soko lenye spea halisi, za kuiga na zilizotumika, risiti ndiyo msingi wa kurudisha mali au kupeleka malalamiko ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani (FCC). Nne, jaribu gari barabarani pamoja na fundi kabla ya kumaliza malipo.

Ikiwa yote yaliyoguswa yamekaguliwa na ni mazima, hapo ndipo uchunguzi uende mbali zaidi, ukianza na mafuta yaliyojazwa siku hiyo, kwani maji ndani ya tangi huleta dalili zilezile. Fundi naye atendewe haki: injini iliyochoka inaweza kufa wiki ya sevisi bila kosa lake. Lakini mwenye gari asikubali kununua spea ya pili kabla ya kuonyeshwa kwa macho kwamba kazi ya kwanza ilifungwa sawasawa.