Mkataba wa Biashara na Uingereza: Mkulima Atauona Wapi?

Mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini juzi, akavua kofia, akaniuliza: "Karani, huu mkataba na Uingereza, mimi nitauona wapi katika shamba langu?" Swali lake ni zuri, kwa hiyo nalijibu hapa ili nawe msomaji upate faida.

Kwanza ujue kazi ya ushuru. Mzigo ukifika nchi nyingine, serikali ya huko huweza kuutoza kodi kabla haujauzwa. Tufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme katoni ya mishiri, yale maharagwe mabichi yaliwayo na maganda yake, imefika London na thamani yake ni shilingi 1,000. Ushuru ukiwa asilimia 8, shilingi 80 zimekwenda. Usidhani mnunuzi atazitoa mfukoni mwake. Atampunguzia msafirishaji, na msafirishaji atakupunguzia wewe.

Jambo hili lilitupata kweli. Tarehe 1 Oktoba 2014, mapatano ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalipochelewa, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru huko, mpaka karibu na mwisho wa Desemba. Jirani zetu wa Uganda na Tanzania hawakuguswa, kwa kuwa wamehesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, ambazo mazao yake huingia Ulaya bure. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Ndiyo sababu Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya ilibidi tufanye haraka. Mkataba wa nchi zetu mbili ulitiwa sahihi London tarehe 8 Desemba 2020, ukaanza kutumika Machi 2021. Kwa mkataba huo maua, mishiri na maparachichi yetu huingia Uingereza bila ushuru, wala hakuna kiasi kilichowekwa cha kusema "basi, yametosha." Nasi tunawafungulia mlango wetu, lakini polepole, kwa muda wa miaka 25, na baadhi ya mazao ya kilimo yameachwa nje.

Sasa nisikilize vizuri. Mkataba umeondoa ushuru, haukumwondoa mkaguzi. Wewe uliyelima mishiri mwaka 2013 unakumbuka. Mabaki ya dawa ya dimethoate yalionekana katika mishiri na njegere za Kenya, na tangu Januari mwaka huo Ulaya, pamoja na Uingereza iliyokuwa bado mwanachama, ikaanza kupima mizigo 10 katika kila 100. Mishiri haingoji. Hunyauka hapo hapo sandukuni huku watu wa maabara wakipima, na aliyenyunyiza vizuri alipata hasara pamoja na aliyenyunyiza ovyo, maana katoni zote zimeandikwa Kenya.

Kwa hiyo uwe na daftari. Andika siku uliyopanda, jina la dawa, kipimo, siku uliyonyunyiza, na siku ngapi karatasi ya dawa inasema ungoje kabla ya kuchuma. Watu wa KEPHIS hukagua mazao na kutoa cheti cha afya ya mimea, lakini hawakuwapo shambani kwako siku ile ya pampu.

Jambo jingine: mkataba haupangi bei. Ule ushuru uliookolewa utaweza kubaki wote kwa msafirishaji kama hukuuliza. Kabla ya kupanda, chama chenu kipate karatasi ya mnunuzi iliyotiwa sahihi, yenye bei ya kilo na jina la atakayebeba hasara ya mazao yatakayokataliwa. Mkulima mmoja mmoja akienda peke yake kuuliza haya, ataambiwa aende akafikirie.

Nilimwuliza yule mzee alinyunyiza nini wiki iliyopita. Akasema ni dawa ya jirani, aliyopewa katika chupa ya soda, haina karatasi. Nikamwambia asichume kwanza. Ameahidi kuileta chupa hiyo ofisini Jumatatu, Bwana Shamba aitazame.