Nani alipeleka kipimajoto huko?

"Mama, nani alikwenda huko na kipimajoto?" Binti yangu aliniuliza hivyo tukitazama picha ya nebula, wingu la gesi lililo mbali angani. Maelezo yalisema joto lake ni kama nyuzi 10,000. Mimi ni muuguzi, kupima joto ni kazi yangu ya kila siku, lakini jibu sikuwa nalo. Ikabidi nikasome.

Mwaka 1864, hapa hapa London, mtaa wa Tulse Hill, William Huggins aliuchambua mwanga wa nebula moja kwa darubini na prizimu. Badala ya rangi zote za upinde wa mvua, aliona mistari michache tu, uliong'aa zaidi ukiwa wa kijani. Haukulingana na elementi yoyote, hivyo wataalamu wakabuni jina "nebuliamu". Mwaka 1927, Mmarekani Ira Bowen alifumbua fumbo: ni oksijeni hii hii tunayovuta, ila imepoteza elektroni mbili.

Kwenye gesi ile, elektroni huru huigonga oksijeni na kuipa nishati, nayo huitoa kama mwanga. Mwanga wa kijani hutokana na pigo la wastani. Wa bluu huhitaji pigo kali zaidi. Joto likipanda, elektroni huenda kasi na bluu huongezeka. Kulinganisha rangi hizo mbili ndicho kipimajoto chenyewe.

Lakini lazima kwanza ujue kila aina ya mgongano hufanikiwa mara ngapi. Hilo halionekani kwenye picha. Hupatikana kwa hesabu ndefu za fizikia ya atomu. Michael Seaton wa University College London alizifanya miaka ya 1950, kompyuta zikiwa bado chache. Hesabu ikikosewa, joto hukosewa, na kiasi cha oksijeni pia.

Nilikumbuka kile kibanio cha kidoleni tunachotumia wodini. Nacho husoma oksijeni kwa mwanga, na imethibitika kwamba kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha kiasi kikubwa kuliko kilichopo. Ndiyo maana namtazama mgonjwa, sitazami namba peke yake.

"Hakuna aliyekwenda, mwanangu," nikamjibu. "Walikaa mezani wakapiga hesabu."

"Na nani aliwasahihishia?"

"Wenzao. Wamezirudia mara nyingi, na mpaka leo wanazirudia."