Malale: Ramani Mbili na Mnada wa Ng'ombe

Mwaka 1901, ndugu wawili madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Uganda, Albert na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa namna ambayo hawakuwa wameizoea. Homa, kichwa kuuma, tezi za shingoni kuvimba. Baada ya muda mgonjwa anasinzia mchana huku tonge liko mkononi, usiku anakesha, anapayukapayuka, na mwisho haamki tena. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota; kwa Kiswahili ni malale. Busoga na visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria, vijiji vilikuwa vinabaki mahame. Inakadiriwa kwamba kufikia 1920 watu wapatao 250,000 walikuwa wamekufa.

Royal Society ya London ilituma tume mwaka 1902: Low, Christy na kijana Mwitaliano, Aldo Castellani. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa aina ya filaria, minyoo wadogo wa kwenye damu. Christy akapewa kazi ya kuzunguka ziwa akipima damu za watu, na majibu yake yaliwavunja moyo wenzake, kwani kulikuwa na sehemu zenye minyoo tele lakini hazina malale, na sehemu zenye malale ambazo minyoo haikuonekana. Filaria akaondolewa lawama. Castellani yeye alikuwa amekazania bakteria, hadi siku moja ya Novemba alipotazama kwa hadubini majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa akaona kimelea chembamba, chenye mkia, kikijinyonganyonga. Kilikuwa tripanosoma.

Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alifika Machi 1903. Miaka michache kabla ya hapo, huko Zululand, alikuwa amethibitisha kwamba nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na tripanosoma, huenezwa na nzi aitwaye mbung'o, kwa hiyo hakuhitaji kubahatisha sana. Alichohitaji ni ushahidi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa Mzungu na hadubini yake. Lakini sehemu iliyomaliza ubishi ilifanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, alisaidia kupeleka agizo kwa machifu: wakamateni nzi wanaouma, waleteni, na mseme wametoka wapi na kama huko kuna wagonjwa. Nzi wakaletwa kutoka pande nyingi za nchi. Zikachorwa ramani mbili, moja ya mbung'o na nyingine ya malale, na zilipowekwa pamoja zilikaribia kulingana: ukanda mwembamba wa ufuo wenye vichaka, pamoja na visiwa. Ukiingia bara, mbung'o huwaoni, na ugonjwa nao haupo. Ndiyo maana wavuvi na wapiga makasia waliathirika sana.

Bruce alidhani mbung'o hubeba kimelea mdomoni tu, kama sindano chafu. Friedrich Kleine, aliyefanya kazi upande wa Wajerumani, katika Tanzania ya leo, alionyesha mwaka 1909 kwamba sivyo. Kimelea hukua ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza.

Tiba ilikuwa duni. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyepiga kambi Sese mwaka 1906, aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Gavana Hesketh Bell akaamua kuwahamisha watu wote wa ufukweni, kisha wa visiwani. Maambukizi yalipungua, ila watu walipoteza mashamba, makaburi ya wazee wao na uvuvi kwa pigo moja.

Malale haikuisha. Desemba 1998 iliibuka Soroti, kaskazini mwa Busoga, mahali ambapo haikujulikana. Safari hii ilikuwa ile aina ya Afrika Mashariki, inayoua kwa wiki au miezi badala ya miaka. Mbung'o walikuwepo huko siku zote, kwa hiyo ramani yao pekee isingejibu swali. Mtafiti Eric Fèvre na wenzake wakapima umbali kutoka vijiji vya wagonjwa hadi mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner. Waliokaa karibu na mnada ndio waliougua zaidi, hasa mwanzoni mwa mlipuko. Teso, eneo ambamo Soroti imo, ilikuwa imeporwa mifugo yake katika miaka ya vita na wizi, na sasa watu walikuwa wakinunua upya. Rekodi za mnada zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ng'ombe walioletwa walitoka maeneo yenye malale.

Ng'ombe hubeba kimelea hicho bila kuonyesha dalili yoyote kubwa; mnunuzi humwona mnyama mnene, mwenye afya. Kanuni za Uganda zilitaka mifugo inayotoka maeneo yenye malale itibiwe kabla ya kuuzwa, lakini gharama hiyo muuzaji haitaki, na mnunuzi pia haitaki. Kampeni iliyoanza 2006, ikiwatumia wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Makerere, iliwatibu ng'ombe kwa wingi na kuwanyunyizia dawa ya wadudu hasa miguuni na tumboni, kwa kuwa hapo ndipo mbung'o hupenda kutua. Kwa njia hiyo dawa inayotumika ni kidogo, na mfugaji maskini anaweza kuinunua mwenyewe.