Sura ya Nne: Nyumba Kwanza, Gari Baadaye

Swali la kwanza watu wa Tunduma wanalouliza kuhusu gari la umeme ni kwamba likijaa linakwenda kilometa ngapi. Ni swali zuri, ila ningeliweka la pili. La kwanza liwe hili: usiku gari litalala wapi, na kwenye ukuta wa hapo kuna waya gani? Gari la petroli linahitaji kituo cha mafuta, na barabara ya TANZAM haijakosa vituo. Gari la umeme kwa mkazi wa Songwe halina kituo cha kutegemea zaidi ya nyumba ya mwenyewe. Nairobi, kampuni ya teksi ya Nopea Ride ilianza mwaka 2018 na Nissan Leaf, gari lile lile ambalo mtu wa huku ataliweza kwa bei ya mtumba wa Japani, na ililazimika kujiwekea sehemu zake za kuchajia kabla ya kufunga shughuli mwaka 2022. Mtu mmoja hana ubavu wa kujenga vituo. Ana soketi.

Basi tuanze na soketi hiyo. Nyumba nyingi zimefungwa waya wa 2.5 kwenye soketi, na waya mmoja unazunguka vyumba vitatu au vinne: friji, pasi, televisheni, chaja za simu. Kuchaji gari kwa ampea 10 kwenye volti 230 ni kuvuta kilowati 2.3, yaani birika la umeme lililowashwa saa nane mfululizo bila kuzimwa. Birika la kawaida huchemka dakika tano likapumzika, kwa hiyo soketi dhaifu haipati nafasi ya kuonyesha udhaifu wake. Gari halipumziki. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi itaanza kupata moto, plastiki itabadilika rangi kuwa ya kahawia kuzunguka tundu la pini, na harufu itakufikia kabla ya moshi. Usiku wa kwanza wa kuchaji, baada ya saa moja, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, zima kwanza, chomoa, mwite fundi.

Dawa yake ni njia ya pekee kutoka kwenye ubao wa swichi kuu hadi mahali gari linapolala: waya wa 4, au wa 6 ikiwa unawaza chaja ya ukutani baadaye, wenye sakiti breka yake na usiochangia na kitu kingine chochote. Juu yake kiwekwe kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCCB. Kisha ethi. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama, kwa sababu fimbo ya ethi ilichimbiwa futi mbili tu kwenye udongo mkavu, au waya wake ulikatika wakati wa kupiga ripu na hakuna aliyegundua: taa zinawaka, redio inaimba, nani atauliza? Kebo ya kuchajia itauliza. Nyingi hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme kupita. Ikiwepo, unasikia mlio mdogo ndani ya kiboksi cha kebo na taa ya kijani inawaka. Isipokuwepo, inawaka nyekundu na gari halipokei chochote. Wapo watakaokushauri uunganishe ethi na nyutro ili kuidanganya. Usikubali hata kidogo, kwa sababu hitilafu ikitokea bodi lote la gari linaweza kuwa na umeme, na mtoto akiligusa akiwa peku kwenye ua uliolowa, anakufa. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA na apime ethi kwa mita mbele yako.

Kebo yenyewe ina mtego wake. Leaf ya Japani huja na kebo ya volti 200 na ampea 15, yenye plagi ambayo haiingii kwenye soketi zetu. Fundi wa mtaani ataikata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu, na gari litachaji kweli. Lakini plagi zetu za pini tatu zimewekewa kikomo cha ampea 13, tena kwa matumizi ya muda mfupi. Nunua kebo ya ampea 10 iliyotengenezwa kwa volti 230, yenye kichwa cha Aina ya 1 kinachoingia kwenye Leaf. Gari jipya la Kichina huenda likaja na tundu la aina nyingine kabisa, basi uliza kabla ya kulipa.

Anayeishi nyumba ya kupanga yenye Luku moja ana kazi ya ziada. Wapangaji watano wanaochangia umeme hawatavumilia mmoja anayevuta uniti 10 kila usiku, na wana haki. Omba mita yako mwenyewe, au angalau mita ndogo inayoonyesha matumizi ya gari peke yake.

Kuhusu gharama, jambo la kujua mapema ni kwamba ukizidi uniti 75 kwa mwezi hutabaki kwenye kundi la matumizi madogo, ambapo elfu moja inakupa uniti nane. Utahamia kundi la kawaida, ambapo shilingi 10,000 zinakupa uniti 28, na hapo umeme wa nyumba nzima unapanda. Hata hivyo hesabu inakubali. Chukua mtu anayekwenda Vwawa na kurudi Tunduma, kilometa 60 hivi, siku 26 za mwezi. Kwa uniti 17 kila kilometa 100, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji, atatumia uniti kama 265, yaani shilingi 95,000. Gari dogo la petroli linalokula lita 8 kwa kilometa 100 litamaliza lita 125 katika safari hizo hizo, na petroli ikizungukia shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 375,000.

Sasa lile swali la kilometa. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zina betri ya uniti 24, na afya yake huonyeshwa kwa vijiti 12 upande wa kulia wa dashibodi. Kikipotea kijiti cha kwanza, betri imepoteza kama asilimia 15. Kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Gari la vijiti 9 limebaki na uniti 16 au 17, na hilo halikufikishi Mbeya. Ni kilometa 100 na ushee, barabara inashuka Senjele hadi bonde la Songwe karibu na uwanja wa ndege, kisha inapanda Mbalizi na Iwambi. Kwenye mteremko mota hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, lakini mpando ule peke yake unakula uniti moja na nusu hadi mbili, na unakuja mwishoni, betri ikiwa imechoka. Kwa safari za Mbeya tafuta toleo la uniti 40 lililotoka 2017, nalo pia upange pa kuchajia kabla ya kugeuza. Muuzaji akikutumia picha za rangi na viti pekee, mwambie atume picha ya vijiti.

Nyanda zetu zina heri moja ambayo Dar es Salaam hawana. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto ndilo linaloizeesha; wenye Leaf wa jangwa la Arizona, Marekani, ndio waliolalamika sana mwaka 2012. Baridi ya Mbozi inaitunza. Mwezi wa Juni na Julai utaona kilometa zimepungua kidogo asubuhi, na hita nayo inakula, kwa hiyo vaa koti. Masika ya radi, chomoa kebo mawingu yanapokusanyika. Jioni umeme ukiwa mdogo, acha; anza saa nne usiku, majirani wakiwa wamezima majiko na pasi.

Anayeendesha kila wiki kwenda Dar es Salaam au Sumbawanga abaki na petroli kwa sasa. Mwenye ua wake, mita yake na shughuli zinazoishia Mlowo anunue. Lakini kabla hujatuma hata dola moja Japani, mwite fundi afungue ubao wa swichi na apime ethi, kisha akuandikie kwenye karatasi kinachotakiwa na bei yake. Ingiza bei hiyo kwenye bei ya gari.